Tulivyokopeshana Zamu Wodi ya Akina Mama

Mtu aliyechoka hajui kwamba amechoka. Anayejua ni yule aliye karibu naye. Hilo sikulipata darasani, maana darasa nililiacha la nne, mdogo wangu alipozaliwa na mama akataka mtu wa kumbeba. Nililipata hospitalini, nikiwa na ndoo mkononi.

Kwa wale mliokuja juzi juzi, mimi ni Mama Severini, mhudumu wa wodi ya akina mama katika hospitali ya misheni huku mteremkoni, juu ya Moshi. Mmenifanyia sherehe nzuri, mmenipa vitenge na chupa ya chai, na ninyi manesi wadogo mkanizunguka mkasema, Mama, tuandikie mambo ya zamani. Haya nayaandika kwa penseli, mwanangu Severini atayapiga chapa. Nimemwambia asininyooshe sana, maana nikinyooshwa nitasomeka kama tangazo la kijiji.

Habari za vyeo hamtazipata hapa. Niliingia mhudumu, nikatoka mhudumu.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa ya ukungu mzito, ule wa mwezi wa saba ambao jirani yako unamjua kwa kikohozi. Nilipewa ndoo, brashi ya nguo na gauni la kijani lililokuwa la mtu mnene kuliko mimi. Aliyenipokea ni Mzee Dismas, mhudumu wa zamani, mtu mfupi mwenye masikio makubwa, aliyekuwa akitembea kama anayesikiliza sakafu. Nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba, halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Umelala jana?"

"Nimelala, Mzee."

"Vizuri. Basi leo utafundishika. Asiyelala nitamfundisha kesho."

Enzi zile vitu vilikuwa adimu. Mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo, tunayachemsha juu ya jiko la mafuta ya taa, na sindano zenyewe zikishakuwa butu Mzee Dismas anazinoa kwenye jiwe kama mtu anayenoa mundu. Glavu tulizifua, tukazianika kambani kama soksi za watoto, zikikauka tunazipuliza moja moja kutafuta tundu. Mtakuwa mnacheka. Chekeni tu, lakini glavu yenye tundu ilikuwa mimi ndiye niliyetakiwa kuiona, na nikiwa nimechoka sikuwa naiona. Ndiyo maana yule mzee alikuwa ananiuliza habari za usingizi kila asubuhi kabla ya salamu nyingine.

Alikuwa na katazo moja kubwa: usiegemee ukuta. "Ukuta ni kitanda cha kusimama," alikuwa anasema. "Ukiegemea, umelala, ila magoti hayajaambiwa." Na alinifundisha kumtambua mtu aliyechoka. Si anayepiga miayo, huyo bado mzima. Mwangalie anayefuta mahali pamoja mara mbili. Mwangalie anayecheka jambo lisilochekesha. Mwangalie anayekuitikia vizuri kabisa, ndiyo Mama, sawa Mama, halafu ukimuuliza umemwambia nini, hajui. Huyo wa tatu ndiye wa kuogopa, maana anafanana na mtu mwenye adabu.

Ukaja wakati wa ruksa. Mitumba ikafurika soko la Moshi, sukari ikarudi madukani, nasi hospitalini tukaanza kuona sindano za plastiki za kutumia na kutupa. Mzee Dismas aliitazama ya kwanza kwa huzuni, akaweka lile jiwe lake mfukoni, na haikupita miaka mingi akastaafu akaenda kulima viazi. Tulifikiri kazi itakuwa nyepesi sasa. Mawazo ya bure, kwa sababu vitu viliongezeka na watu wakapungua. Wagonjwa wakaanza kuchangia matibabu, na watumishi wakaanza kupunguzwa. Mnajua kupunguzwa? Unaitwa ofisini, unapewa mkono, unaambiwa asante kwa utumishi wako. Wodi iliyokuwa na manesi watatu kwa zamu ikabaki na wawili, na mmoja akiitwa chumba cha upasuaji anabaki mmoja. Vitanda havikupunguzwa. Tena ndipo ukaja ugonjwa ule ambao tulikuwa hatuutaji jina, wagonjwa wakawa wanalala wawili wawili, miguu ya huyu kichwani kwa mwenzake.

Na msisahau kwamba mtumishi naye ana kwake. Kahawa ikiiva haiulizi una zamu gani. Mwanamke akitoka zamu ya asubuhi anavua gauni, anachukua mundu, anateremka mpaka kule chini kwenye majani, anapanda na mzigo kichwani, anamlisha ng'ombe, anapika, anaosha watoto. Wanaume, wao wakitoka zamu walikuwa wanapitia kwenye pombe ya mbege kupumzisha akili. Sisemi kwa ubaya. Nasema tu kwamba akili zao zilikuwa zinapumzika.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana Severini ananiambia nimezunguka.

Sisi wa huku tunazika nyumbani. Mtu afie Dar es Salaam, afie Arusha, afie hata Tunduma, ataletwa alazwe kwenye kihamba, shamba la migomba la baba yake. Miaka ile magari ya maiti yalikuwa yanapanda barabara ya mlimani mfululizo, hasa Ijumaa na Jumamosi, na kila maiti ni ndugu wa mtu. Hospitali ilikupa ruhusa kwa mzazi, mume na mtoto. Shangazi hana ruhusa. Binamu hana ruhusa. Lakini ukoo utakuelewa ukisema hukuja kumzika binamu kwa sababu ya zamu? Watakuja kwako kweli, siku ile utakayofiwa wewe?

Kwa hiyo tukawa na utaratibu wetu wa kushikiana. Unakwenda kwa mwenzako, unamwambia, "Nishikie zamu, nimefiwa." Hakuna aliyekataa. Hakukuwa na karatasi, ilikaa kichwani na moyoni. Nawe siku yako ikifika unamlipa, zamu kwa zamu. Ulikuwa utaratibu wa upendo, na mimi mwenyewe niliusifia mara nyingi. Ratiba ya metroni, mkuu wa manesi, ilikuwa imebandikwa ukutani, safi, imepigwa mistari kwa rula, na karibu kila jina pale lilikuwa la mtu ambaye siku hiyo hayupo.

Sista Aneth alikuwa nesi wa wodi yetu. Mrefu, mweupe wa meno, mwenye sauti ya kwaya. Mume wake alikuwa anafanya kazi Dar, anaonekana Desemba kama Wachagga wengine wote. Mwaka huo ninaousema Aneth alimzika kaka yake. Kabla udongo haujakauka akamzika dada yake, wakaletwa watoto wawili wa marehemu wakae kwake juu ya watatu aliokuwa nao. Halafu baba mkwe. Misiba yote hiyo, pamoja na kuuguza kabla ya misiba, alishikiwa zamu na wenzake watatu: Gaudensia, Leokadia na Rhobi. Wote manesi. Walimshikia bila kunung'unika.

Halafu ukafika wakati wa kulipa.

Nilianza kuona mimi. Alikuwa anafanya asubuhi yake, kisha mchana wa Gaudensia. Kesho yake usiku wa Leokadia, akitoka hapo anaunganisha asubuhi yake. Nilikuwa nadeki huku namchungulia. Siku moja nikamwona anakunja shuka, akaikunjua, akaikunja. Roho ikanipanda. Siku nyingine nikamsimulia habari ya ng'ombe wangu kuvunja zizi, jambo la hasara tupu, akacheka mpaka machozi. Usiku kitandani kwangu nikawa nasikiliza kama kuna mtu anakimbia barabarani kuja kuniambia. Kuniambia nini, sikujua. Kwamba ameua mtu, au kwamba ameanguka.

Nikamwambia, "Sista, pumzika."

"Ndiyo Mama. Sawa Mama."

Nikangoja kidogo. "Nimekwambiaje?"

Akaniangalia kwa adabu kabisa. "Umesema dripu ya kitanda cha dirishani imekwisha?"

Sikulala siku ile.

Siku chache baadaye, ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, jua linawaka, wodi imejaa ndugu na vikapu. Nesi mwenzake alikuwa ameitwa upasuaji. Aneth akatoka maabara na mfuko wa damu, akavuta stendi ya dripu, akaenda moja kwa moja kwenye kitanda cha tatu. Pale alikuwepo mama mmoja kijana aliyejifungua vizuri, anangoja kuruhusiwa, na mama mkwe wake, bibi kutoka Kilema, alikuwa amekaa ukingoni anamnywesha mtori wa ndizi.

Bibi akaweka kijiko chini. "We sista, hiyo damu ya nani?"

"Ya Mama Shayo."

"Mama Shayo yupi? Humu ukiita Shayo hata bati linaitika."

Ndugu wakacheka. Aneth naye akacheka, akaendelea kumfunga yule mzazi kamba ya mpira mkononi.

"Ngoja kwanza," bibi akasema, sasa amesimama. "Huyu mkwe wangu amezaa kama kuku anavyotaga. Damu anayo, tena inamtosha hata kunijibu jeuri. Nani kasema anapungukiwa?"

Aneth akatazama mfuko. Akatazama jina kwenye kitanda. Mama Shayo mwingine, yule aliyetokwa damu nyingi, alikuwa kitanda cha sita, midomo imekuwa ya majivu. Aneth akafungua ile kamba ya mpira taratibu, akasema, "Aika, bibi," akamshukuru kama mtu aliyeonyeshwa njia ya sokoni. Akaenda kitanda cha sita, akahakiki, akaitundika damu pale ilipotakiwa, akakaa akaihesabia matone. Yule wa sita alipona, na mtoto wake sasa yuko sekondari Old Moshi.

Bibi akarudi kwenye mtori wake. Akasema, si kwa sauti ndogo, "Hapa anayepungukiwa ni yule sista. Tena si damu, ni usingizi."

Nilimfuata Aneth kwenye chumba cha kusafishia vyombo. Alikuwa amegeuza ndoo akaikalia, mikono kati ya magoti.

"Mama Severini," akasema, "sikumbuki kutoka maabara mpaka pale kitandani. Sikumbuki hata hatua moja. Miguu imekwenda yenyewe."

"Twende kwa metroni."

"Usithubutu! Unajua majina yanayofuata kupunguzwa yanaandikwa mwezi huu? Nikisema nimechoka watasema nenda kapumzike moja kwa moja. Watoto watano, Mama. Watano."

"Na ukiua?"

Akafunika uso. Sikupenda nilivyomwambia, lakini ndilo lililokuwa mdomoni.

"Unadaiwa zamu ngapi?"

"Za Gaudensia bado kidogo. Leokadia bado kidogo. Rhobi ndiye mwenye nyingi, maana alinishikia zote za baba mkwe. Nikimaliza nitalala."

"Utamaliza lini?"

"Kabla ya Krismasi," akasema, halafu akacheka kile kicheko. "Nisipofiwa tena."

Nilitoka pale nikihesabu. Zamu zilizobaki zilikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa na wagonjwa ndani yake. Leo palikuwa na bibi wa Kilema. Kesho atakuwepo nani? Nesi hawezi kushikiwa na mhudumu, ningekuwa nesi ningemshikia zote. Nikafika nyumbani, nikasimama kwenye mpaka wa kihamba changu, mbele ya sale.

Kwa wenzetu mliotoka mbali: sale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Ukitaka msamaha unachuma jani lake, unalifunga fundo, unalipeleka kwa uliyemkosea. Aliyepelekewa sale hakatai. Hata kama mlipigana, hata kama mlishtakiana. Nimeona watu wasiosemezana miaka wanakula pamoja kwa sababu ya jani moja. Basi nikachuma matatu. Aneth sikumwambia.

Nilianza kwa Gaudensia. Nilimkuta uani anageuza kahawa kwenye kitanda cha kuanikia. Nikamwekea jani mbele, nikamweleza na habari ya damu.

"Ungeleta maneno matupu ningekukatalia," akasema. "Mimi mwenyewe mgongo umekatika, nilikuwa nazingojea hizo zamu kama mvua. Lakini sale nitaikataaje, Mama Severini? Nimesamehe zamu, nimesamehe zote."

Leokadia alinuna. "Umeniotea," akasema. "Umejua kabisa nitashindwa." Akaingia ndani, akarudi na ndizi za kuchoma, tukala. Hapo nikajua imekwisha.

Rhobi alikuwa anakaa kwenye nyumba za watumishi. Yeye si wa huku. Baba yake alitoka upande wa Mara akaja kukata miwa kwenye mashamba ya tambarare, wakazaliwa hapo, na wazazi walipozeeka wakarudi kwao. Nilimkuta anapiga pasi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu." Nikamnyooshea lile jani.

Akalipokea, akaligeuza huku na huku. "Mama, asante, ila mimi sina ng'ombe."

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Nikamweleza sale ni kitu gani, na limetoka kwa ajili ya nani. Akacheka naye, halafu taratibu kicheko kikamwisha. Akaiweka pasi pembeni.

"Kwa hiyo nikishalishika ndiyo nimesamehe?"

"Ndiyo desturi."

"Mama yangu anavimba miguu," akasema. "Amenitumia salamu mara mbili. Kwetu si hapo Marangu, ni siku mbili za basi kwenda na kurudi, bado kukaa naye. Likizo wamesema haipo mpaka watu wapunguzwe waishe. Hizi zamu za Aneth nimezikusanya kama mtu anavyokusanya mahindi ghalani. Ndizo zitakazonifikisha. Ninyi mna majani yenu, na mnazika wenu wote hapo kwenye migomba. Mimi wangu yuko mbali na bado yu hai. Namtaka akiwa hai."

Akanirudishia jani. Kwa mikono miwili, kwa heshima. Katika maisha yangu sikuwahi kuona sale ikirudishwa. Niliishika njia nzima, naogopa hata kuitupa. Na kibaya zaidi, sikuweza kumkasirikia. Nilikuwa nimekwenda kuomba kwa ajili ya mtu mmoja anayezama, nikakuta wawili.

Asubuhi iliyofuata, Jumamosi, Aneth alinikamata kwenye chumba cha kufulia. Leokadia alikuwa ameshamwambia.

"Nani kakutuma upeleke sale?"

"Sikutumwa."

"Sale ni ya mkosaji. Mimi nimemkosea nani? Kufiwa ni kosa? Niambie, Mama Severini. Kumzika kaka yangu lilikuwa kosa nikatafutiwa msamaha?"

Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi. "Nitawalipa wote," akasema, "hata hao waliosamehe. Nilishikiwa, nitashika."

"Utashika nini na mikono hiyo?" Ilikuwa sauti ya Rhobi, mlangoni, na Gaudensia nyuma yake. Rhobi alikuwa anaanza zamu, kofia yake imenyooka kama kawaida. "Dada Aneth, jana damu ulikuwa unampelekea nani?"

Aneth akavuta shuka akaanza kuikunja, Rhobi akaendelea.

"Wodi nzima inajua. Yule bibi ameliongea mpaka stendi ya basi. Sasa sikiliza. Zamu zangu siwezi kukusamehe, nazihitaji, na Mama Severini nimemwambia. Ila sitaki kulipwa na maiti. Wala sitaki kusafiri huku najua nimemwacha mtu anayetembea amelala juu ya wagonjwa wangu. Ningefikaje? Ningekaaje na mama yangu?"

Gaudensia akasema, "Amekuja kwangu jana jioni akaniuliza sale maana yake nini hasa. Tukaongea. Mimi na Leokadia tutamshikia Rhobi, aende kwao. Deni lako kwake limehamia kwetu."

"Nanyi mmechoka," Aneth akasema.

"Tumechoka, lakini tunakumbuka tulipita wapi."

"Na mimi je?"

"Wewe leo una ofu kwenye ratiba ya metroni," Rhobi akamwambia. "Ofu ya kweli, ile ya ukutani. Umekuja kulipa zamu ya mtu aliyekwishasamehe. Nenda kalale. Ukibisha namfuata metroni mimi mwenyewe, na unajua mimi si Mchagga, sibembelezi."

Nilifikiri Aneth atalia au atampiga Rhobi. Alivua kofia, akaondoa pini moja moja, akaziweka mfukoni, akatoka bila kuaga. Tukabaki tunatazamana sisi watatu. Gaudensia akaegemea ukuta. Nikamwambia toka hapo.

Niwaambie mapema msikae roho juu: Rhobi aliondoka Jumamosi ile ile alipotoka zamu, akamkuta mama yake hai, akakaa naye, akarudi na dagaa za kutosha wodi nzima. Jina la Aneth halikupunguzwa mwaka ule. Metroni hakuambiwa, au labda aliambiwa, maana baada ya hapo alianza kupita wodini saa zisizojulikana, anamwangalia kila mtu machoni. Hata hivyo msiniulize kama tulipona. Uchovu tuliuhamisha tu, kama watu wanaohamisha maji kutoka ndoo hii kwenda ile, na miezi iliyofuata ilikuwa zamu yangu kumchungulia Gaudensia. Ninyi mnapoandika ratiba zenu kwenye kompyuta, kompyuta haijui nani kamshikia nani. Ulizaneni kwa mdomo. Ulizaneni kila asubuhi, hata kabla ya salamu, kama mlivyosikia nilivyoulizwa.

Ila Jumapili yake ndiyo siwezi kuisahau. Nilitoka misa ya kwanza, na kanisani sikuwa nimemwona Aneth kwenye kwaya. Nikajiambia amelala. Halafu nikajiambia, tangu Jumamosi asubuhi? Miguu ikaanza kuongeza mwendo bila mimi kuiambia, nikapita migomba ya watu, nikavuka mfereji, nikafika kwake nahema. Watoto walikuwa wamekaa uani mstari mmoja, kimya, hata yule mdogo. Mkubwa akaweka kidole mdomoni.

"Shikamoo bibi. Mama amelala."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Tulimwita chakula hakuitika. Tulimwita tena leo asubuhi."

"Mlimgusa?"

Wakatazamana. Hakuna aliyemgusa. Walikuwa wameona watu wengi wamelala mwaka ule.

Nikavua viatu. Ndani palikuwa na giza, dirisha limefungwa, kitanda kiko pembeni, yeye ameelekea ukutani na gauni la kazi bado mwilini. Sikumwita. Nilisimama nikatazama blanketi mgongoni kwake, nikatazama, nikaona halitikisiki, nikaona ni macho yangu, nikajipa moyo, ukaisha, nikaanza Salamu Maria nikaisahau katikati. Halafu likapanda. Kidogo tu. Likashuka. Likapanda.

Nikateleza nikakaa kwenye udongo palepale mlangoni. Watoto wakanifuata, wakanikalia pande zote, wakawa wanatazama nilipotazama. Nikawaambia kwa sauti ya chini, "Mnaliona blanketi? Likipanda ni mama yenu."

Tukakaa tukalitazama hivyo. Jua likasogea. Zamu yangu ilikuwa inaanza mchana, na nilikuwa bado sijala wala kulala vizuri tangu Ijumaa, lakini hakuna aliyeniuliza.